Injini za kasi kuu na vifaa vya kustahimili moto: maswali tunayoulizwa Dodoma

Kila nikimaliza kuzungumza na vijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) au wanafunzi wa uhandisi hapa mjini, wananizunguka na maswali. Baada ya miaka kadhaa nimebaini kuwa maswali ni yale yale, yanabadilisha sare tu. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake. Ukiwa na haraka, ruka moja kwa moja kwenye swali lako. Palipo na jambo lililokwisha elezwa kwingine nimekuelekeza huko. Na tuelewane mapema: mwendokasi unaozungumzwa hapa si ule wa mabasi ya Kimara kwenda Kivukoni.

## Mambo ya msingi

1. Mach ni kitu gani hasa?

Ni namba inayoeleza kitu kinakwenda mara ngapi ya mwendo wa sauti pale pale kilipo. Jina limetokana na mwanafizikia Ernst Mach. Usiikariri kama kilomita fulani kwa saa, maana sauti yenyewe hubadilika kulingana na joto la hewa. Usawa wa bahari, kwenye nyuzi 15, sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Dodoma mchana wa nyuzi 25 ni kama mita 346. Kilomita 11 juu, ambako baridi hufika nyuzi 56 chini ya sifuri, hushuka mpaka mita 295.

Waliokulia kwa wafugaji wa Chamwino au Bahi walishasikia Mach 1 kabla hawajajua jina lake. Mchungaji akizungusha mjeledi na kuukata ghafla, ncha yake huipita sauti, na ule mlio unaowashtua ng'ombe ni wimbi la mshtuko la ncha hiyo. Ngozi haijagusa kitu chochote.

2. Supasoniki na haipasoniki zinatofautiana wapi?

Supasoniki ni kila kinachozidi Mach 1. Haipasoniki, kwa mazoea ya wahandisi, huanzia Mach 5. Ndege ya Concorde iliyobeba abiria kuanzia 1976 hadi 2003 ilikwenda Mach 2 na kidogo. X-15 ya Marekani, iliyokuwa na injini ya roketi, ilifika Mach 6.7 tarehe 3 Oktoba 1967.

Ukivuka Mach 5 hakuna kengele inayolia. Ila kuanzia maeneo hayo joto ndilo linaloshika usukani: molekuli za hewa hutikisika kwa nguvu, baadaye oksijeni huanza kuvunjika, na kanuni za gesi ulizofundishwa kidato cha sita huanza kukudanganya.

3. Joto hilo linatoka wapi? Si msuguano?

Msuguano upo, lakini kwenye pua ya ndege na kwenye mdomo wa injini kinachopika zaidi ni mgandamizo. Shika pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, pampu mara kumi, halafu gusa chini yake. Hewa mbele ya ndege inabanwa hivyo hivyo, ila kwa ukali ambao pampu haijawahi kuuota.

Fanya hesabu hii kwenye simu yako. Chukua joto la hewa ya juu kwa kelvini, tuseme 220, yaani nyuzi 53 chini ya sifuri. Zidisha namba ya Mach kwa yenyewe, zidisha tena kwa 0.2, ongeza 1, kisha zidisha yote kwa 220. Hilo ndilo joto la hewa iliyosimamishwa ghafla mbele ya ndege. Kwa Mach 2 unapata kelvini 396, sawa na nyuzi 123. Kwa Mach 3, nyuzi 343. Kwa Mach 5, nyuzi 1,047. Kwa Mach 7 umepita nyuzi 2,100. Kwenye kasi za juu kanuni hii hutoa jibu kubwa kuliko halisi, kwa sababu sehemu ya joto huishia kutikisa na kuvunja molekuli, lakini sura ya jambo ni hiyo.

Sasa weka alumini pembeni. Huyeyuka kwenye nyuzi 660, na aloi zake za ndege, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine, huanza kulegea mapema sana, zikipita nyuzi 150 hivi. Ndiyo maana Concorde, ambayo mwili wake ulikuwa wa alumini, iliishia Mach 2: waliiacha hapo kwa sababu ya joto, injini zilikuwa na nguvu ya kwenda zaidi. Ukiielewa hesabu hii, robo tatu ya ukurasa huu umeshaielewa.

4. Ule mshindo husikika mara moja tu, ndege inapovuka mwendo wa sauti?

Hapana. Nenda Bwawa la Mtera utazame mtumbwi wa injini ukipita. Mawimbi yanayoufuata hayatokei mara moja pale unapoanza safari. Mtumbwi unayaburuta njia nzima, na kila aliye ufukweni humfikia kwa zamu yake. Ndege iliyozidi Mach 1 huburuta mshindo vivyo hivyo, na kila kijiji chini ya njia yake husikia wake. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka 1973 ndege za kiraia kupita Mach 1 juu ya nchi kavu.

## Injini

5. Kwa nini injini ya jeti ya kawaida haiwezi kufika Mach 5?

Jeti ya kawaida huvuta hewa, huibana kwa feni nyingi zilizopangana, huchanganya na mafuta, huwasha, kisha gesi ya moto huzungusha tabini, yaani gurudumu la mapanga, inayoziendesha feni zile. Ukifika Mach 5 hewa inaingia mdomoni ikiwa imeshapikwa mpaka nyuzi elfu moja na ushee (tazama swali la 3). Feni hazina kazi tena, hewa imeshajibana yenyewe, na hazina uhai pia, kwa sababu zitalegea kabla mafuta hayajawashwa.

SR-71 ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza 1964, ilifika Mach 3.2 kwa injini ambayo sehemu ya hewa ilipitishwa pembeni ili kukwepa sehemu za ndani zilizokuwa moto mno. Mwili wake karibu wote ulikuwa wa titani. Ikiwa chini ilivuja mafuta kwenye maungio, kwa kuwa iliundwa ikae sawa ikishatanuka kwa joto la angani.

6. Ramjeti na skramjeti ni nini?

Ramjeti ni injini ya jeti iliyonyang'anywa feni zote. Mwendo wa ndege wenyewe ndio unaobana hewa, hivyo ndani ni bomba lenye umbo maalumu tu. Mfaransa René Lorin alieleza wazo hilo 1913, na Mfaransa mwenzake René Leduc akarusha ndege ya aina hiyo 1949. Kasoro yake ni kwamba ikisimama haina msukumo wowote. Lazima kitu kingine kiipeleke kwanza kwenye kasi.

Ndani ya ramjeti hewa hupunguzwa mwendo mpaka chini ya Mach 1 ndipo mafuta yawashwe. Ukizidi Mach 5 au 6, kule kuipunguza kunaipasha joto kiasi kwamba ukiongeza mafuta hupati faida. Hapo inakuja skramjeti: hewa inaachwa ipite ndani ya injini ikiwa bado imezidi mwendo wa sauti, na moto unawashwa humo humo.

7. Upepo ukiwa mkali hivyo, moto hauzimiki?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na wanaoliuliza mara nyingi ni akina mama.

Ukikoka jiko la mkaa Dodoma mwezi wa Agosti unalijua tatizo. Upepo kidogo unachochea. Ukizidi, cheche zinaruka na moto unakufa. Katika skramjeti hewa hupita chumba cha mwako kwa muda wa milisekunde moja au chache. Ndani ya muda huo mafuta yanatakiwa yaingie, yachanganyike na hewa, yashike moto na yamalizike kuungua kabla hayajatoka nje. Yakiungulia nje, umewasha taa tu, hujapata msukumo.

Dawa mojawapo inafanana na ya jikoni. Mpishi wa kuni huweka mafiga, au hukaa upande unaotoka upepo, ili moto upate kivuli. Wahandisi huchonga kishimo kwenye ukuta wa chumba cha mwako. Hewa inayopita juu yake huzunguka humo taratibu, moto unajificha hapo, na kutoka hapo unaendelea kuwasha mchanganyiko unaopita. Dawa nyingine ni mafuta yenyewe: haidrojeni hushika moto upesi mno, kwa hiyo majaribio mengi ya mwanzo yaliitumia. Mafuta ya jamii ya mafuta ya taa ni rahisi kuhifadhi lakini ni mazito kushika, hivyo hupashwa kwanza kwa kuzungushwa ndani ya kuta za injini. Hapo unaua ndege wawili: ukuta unapoa, mafuta yanaiva.

8. Kwa nini wasitumie roketi tu?

Wanatumia, na ndiyo inayofika mbali zaidi. Lakini roketi hubeba oksijeni yake. Ili kuunguza kilo 1 ya haidrojeni yote unahitaji kilo 8 za oksijeni. Injini inayochota oksijeni hewani inaacha mzigo huo nyumbani. Faida hiyo ndiyo inayowafanya watu wavumilie taabu zote za swali la 7. Binafsi naona kwa kupeleka setilaiti roketi bado itatawala muda mrefu, kwa sababu inatoka hewani haraka na hakai mtu kuhangaika na joto la mgandamizo.

9. Kuna aliyefanikiwa kweli, au ni michoro ya kompyuta?

Wapo. Chuo Kikuu cha Queensland cha Australia, kwa mradi wa HyShot, kilionyesha mwako wa skramjeti angani tarehe 30 Julai 2002 huko Woomera. Jaribio lao la kwanza la 2001 roketi ilipotea njia. NASA nao walipoteza X-43A ya kwanza Juni 2001, wakarudi, na tarehe 16 Novemba 2004 wakafika Mach 9.6 hivi, injini ikiwaka kama sekunde 10. X-51A ya Marekani iliwaka sekunde 210 hivi tarehe 1 Mei 2013 kwa Mach 5.1, baada ya majaribio mawili yaliyotangulia kuharibika. India ilijaribu skramjeti yake tarehe 28 Agosti 2016, na nyingine tarehe 7 Septemba 2020.

Tazama namba hizo vizuri. Miongo ya kazi, na mafanikio yanahesabiwa kwa sekunde. Mwanafunzi akiniletea andiko la kurasa tatu linalosema atatengeneza skramjeti kwa miezi sita, humrudishia aya hii.

10. Na injini zinazopoza hewa kwanza, au zile za milipuko ya kuzunguka?

Kampuni ya Uingereza, Reaction Engines, ilitengeneza kipoza hewa cha mabomba membamba mno, na 2019 ilikijaribu kwa hewa yenye joto la Mach 5, kilifanya kazi. Fedha ndizo zilizokwama, na Oktoba 2024 kampuni ikaingia chini ya ufilisi. Injini ya milipuko ya kuzunguka, ambamo wimbi la mlipuko hukimbia duara bila kukoma, ilijaribiwa angani na Wajapani Julai 2021. Hii nawashauri vijana waifuatilie.

## Vifaa

11. Ndege za kasi hutengenezwa kwa chuma gani?

Kwa joto la chini, alumini na nyuzi za kaboni kwenye gundi; Boeing 787 karibu nusu ya uzito wake ni vifaa vya namna hiyo. Kupanda mpaka nyuzi 550 au 600, titani. Juu ya hapo mpaka 1,100 hivi, aloi za nikeli. Kupita hapo metali nyingi zinasalimu amri, na unahamia kwenye seramiki (swali la 13) na kaboni (swali la 14). Usidanganyike na kiwango cha kuyeyuka: titani huyeyuka kwenye 1,668, lakini inaacha kufaa kazi mapema sana. Kitu kinaweza kuwa hakijayeyuka na bado kikawa laini kama ugali wa moto.

12. Nimesoma kwamba gesi kwenye tabini ni moto kuliko kiwango cha kuyeyuka cha mapanga yake. Inawezekanaje?

Ni kweli. Gesi huzidi nyuzi 1,500 na aloi ya panga huanza kuyeyuka kabla ya hapo. Panga hilo hilo dogo la kushika kiganjani linavutwa nje na mzunguko kwa nguvu sawa na uzito wa zaidi ya tani 10. Linaponea kwa mambo matatu.

Kwanza, ndani lina vijia vya hewa, na hewa hiyo hutoka kwa vitundu vidogo na kutanda juu ya panga kama shuka. Hewa hiyo ya "kupoza" yenyewe ina nyuzi 600 na zaidi! Pili, limepakwa seramiki ya zirkonia, unene wa nywele mbili tatu hivi, inayozuia joto lisipenye upesi. Tatu, na hapa ndipo ninapopenda kukaa, panga zima ni fuwele moja.

Metali ya kawaida ni punje nyingi zilizobanana, na kwenye moto mkali na mvuto wa muda mrefu punje huteleza kwenye mipaka yao. Metali inatambaa, inarefuka kidogo kidogo mpaka inagusa ukuta. Wakaamua kuondoa mipaka yenyewe. Aloi iliyoyeyushwa humiminwa kwenye kalibu na kupozwa kuanzia chini. Punje nyingi huanza kukua kupanda juu, lakini njia imesokotwa kama pembe ya tandala, nyembamba, na kwenye mizunguko hiyo punje moja tu ndiyo inayofaulu kupita. Hiyo moja ndiyo inayojaza kalibu yote.

13. Seramiki si ndiyo sahani? Ikidondoka si inavunjika?

Peke yake, ndiyo. Ila mzee yeyote aliyejenga tembe anajua jibu. Ukuta wa udongo mtupu hupasuka ukikauka. Ukichanganya nyasi zilizokatwakatwa au samadi, ufa ukianza unakutana na unyasi, unapinda, unachoka njiani. Mfinyanzi naye hutwanga vigae vya vyungu vya zamani akavichanganya kwenye udongo mpya ili chungu kisipasuke motoni.

Seramiki za injini hufuata akili hiyo hiyo. Nyuzi za silikoni kabaidi, nyembamba kuliko unywele, hufumwa na kujazwa silikoni kabaidi katikati. Siri iko kwenye utando mwembamba, mara nyingi wa boroni nitraidi, unaopakwa kwenye kila uzi: uzi ukishikamana mno na kilichouzunguka, ufa unaukata na kupita. Unatakiwa uteleze kidogo. Kifaa kinachopatikana kina uzito wa kama theluthi moja ya aloi ya nikeli.

Hili limeshatoka maabara. Injini za LEAP, zilizoanza kubeba abiria 2016, zina pete ya namna hiyo kuzunguka tabini, na Boeing 737 MAX hutumia injini hizo. Air Tanzania ilipokea 737 MAX 9 yake ya kwanza Oktoba 2023, kwa hiyo huenda umeshakaa mita chache kutoka kwenye kifaa hiki ukinywa juisi.

Adui yake ni mvuke wa maji. Silikoni kabaidi hujikinga kwa utando wa silika, na mvuke unaotokana na mwako huula utando huo. Ndiyo sababu hupakwa kinga nyingine juu. Kati ya zilizotumika mwanzo ni mulaiti, tutakayoikuta tena swali la 16.

14. Na kaboni-kaboni?

Ni nyuzi za kaboni ndani ya kaboni. Inavuka nyuzi 2,000 bila kulegea, ila kwenye hewa huanza kuungua ikipita 500 hivi, kwa maana ni mkaa wa kifahari. Lazima ifunikwe. Chombo cha anga cha Columbia kilikuwa nayo kwenye ukingo wa mbawa. Povu lililobanduka wakati wa kuruka lilitoboa ukingo wa bawa la kushoto, na kiliporudi tarehe 1 Februari 2003 hewa ya moto ikaingilia hapo. Wanaanga saba walikufa.

15. Vumbi la Dodoma linadhuru injini?

Linadhuru, na huu ni utafiti ambao sisi tumekalia malighafi yake. Kwenye injini za zamani vumbi lilikuwa msasa tu, likikwangua. Kwenye injini za leo, zilizo moto zaidi, vumbi lenye mchanganyiko wa chokaa, magnesiamu, alumina na silika huyeyuka kwenye nyuzi 1,200 hadi 1,250, likawa kioo. Kioo hicho hunywewa na vinyweleo vya zirkonia ile ya swali la 12. Injini ikipoa, kinaganda humo, na kinga inabanduka vipande vipande.

Mchanga mtupu wa kwatzi hauyeyuki kwenye joto hilo, kwa hiyo vumbi la Dodoma mjini na la mabonde ya Bahi yenye chokaa hayawezi kuwa na tabia moja. Kuyachukua yote mawili, kuyapima, kuyamwaga kidogo juu ya kisahani cha zirkonia na kukitia kwenye tanuru la nyuzi 1,250, kisha kukikata na kutazama yamepenya kiasi gani: hiyo ni kazi ya shahada ya uzamili inayofanyika hapa hapa. Uwanja wa ndege wa Msalato uko katikati ya nchi nusu jangwa. Swali lina mteja.

## Madini yetu

16. Tuna nikeli Kabanga. Kwa nini tusitengeneze mapanga ya tabini?

Kabanga kule Ngara ina nikeli, Panda Hill karibu na Mbeya ina niobi, na niobi ni kama asilimia 5 ya aloi mashuhuri ya nikeli, Inconel 718. Lakini madini ni mwanzo wa safari ndefu. Aloi hizi huyeyushwa kwenye tanuru lisilo na hewa, na uchafu usioonekana kwa macho unaweza kuleta balaa. Julai 2023 kampuni mama ya Pratt & Whitney, watengenezaji wa injini za ndege, ilitangaza kwamba unga wa metali uliotumika kutengeneza baadhi ya diski za injini kati ya 2015 na 2021 ulikuwa na uchafu, na mamia ya injini zikalazimika kushushwa zikaguliwe. Hao wana uzoefu wa karibu karne moja.

Mahali ninapoona tunaweza kuanza ni pa hali ya chini zaidi: kaolini, ule udongo mweupe, ya Pugu. Ukiipasha moto kupita nyuzi elfu moja na mia kadhaa inageuka mulaiti, inayoyeyuka karibu na 1,840. Leo inafaa kwa matofali ya tanuru. Ukiweza kuisafisha na kuidhibiti, umeshagusa mlango wa vifaa vya swali la 13. GST, taasisi ya jiolojia ya taifa, iko hapa Dodoma na ina maabara za kupima miamba. Anzia huko.

17. Grafiti ya Mahenge ndiyo inayotengeneza nyuzi za kaboni?

Hapana, na nimelijibu hili mpaka nimechoka. Nyuzi za kaboni nyingi hutokana na plastiki iitwayo poliakrilonitraili, inayovutwa kuwa uzi kisha kuchomwa bila hewa. Grafiti ya Mahenge ina soko lake kubwa kwenye betri na matofali ya tanuru.

18. Heli ya Rukwa inahusikaje?

Roketi nyingi huitumia kusukuma mafuta kutoka kwenye matangi, na baadhi ya mahandaki ya upepo ya haipasoniki, yaani mabomba ya kupimia maumbo ya ndege kwa hewa ya kasi, huendeshwa kwa heli.

## Kusoma na kutafiti ukiwa Dodoma

19. Nasoma nini, na wapi?

Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) Dar es Salaam hufundisha matengenezo ya ndege; ni kazi ya heshima, ila si kubuni injini. Kwa utafiti, njia salama ni shahada ya kwanza ya uhandisi mitambo, fizikia au kemia, kisha ubobee. Taasisi ya Nelson Mandela Arusha ina sayansi ya vifaa ngazi ya uzamili. Ukitaka jina lenyewe la uhandisi wa anga, Chuo Kikuu cha Kenyatta kinalo, na Witwatersrand Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kilirusha roketi ya wanafunzi mpaka karibu kilomita 18 Machi 2021. Waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita waulizie Samia Skolashipu kabla ya kukimbilia mkopo.

Ushauri wangu usioombwa: chagua vifaa kuliko injini. Injini ya kasi inahitaji mitambo ya mabilioni. Tanuru, mizani na hadubini vinapatikana, na ujuzi huo unaajirika hata kama hutaiona ndege.

20. Hatuna handaki la upepo. Tutafanya nini?

Mengi. Programu za bure kama OpenFOAM na SU2 hukokotoa mtiririko wa hewa, na Cantera hukokotoa mwako. Kompyuta ya kawaida inatosha kujifunzia.

Lakini kama unataka kuuona mtiririko huo kwa macho, tafuta kioo cha darubini. Sisi tulipata cha kipenyo cha sentimita 15 chenye fokasi ya mita 1.2. Ukiweka taa ndogo ya LED, iliyofunikwa karatasi ya alumini yenye kitundu cha sindano, mita 2.4 mbele yake, mwanga unarudi na kukusanyika karibu na pale pale. Hapo ndipo unapoweka wembe, ukate nusu ya nukta ya mwanga, na nyuma ya wembe kamera ya simu. Mbinu hii August Toepler aliivumbua karne ya 19. Nusu siku tulihangaika: picha ilikuwa inachemka yote, hatuoni kitu. Tukalaumu kioo, tukalaumu wembe. Kumbe pangaboi lilikuwa linazunguka juu yetu. Tulipolizima, kijana mmoja akanyoosha mkono mbele ya kioo na sote tukanyamaza: joto la kiganja chake lilikuwa linapanda kama moshi.

Wiki iliyofuata tukaazima kompresa kwa fundi pancha. Kwa shinikizo la baa 7 na tundu la milimita 2, hewa inayotoka hutanuka na kuvuka Mach 1 bila shida. Kwenye simu zilionekana almasi ndogo zimepangana mbele ya tundu, zile zile zinazoonekana nyuma ya ndege za kivita. Vaa miwani, ziba masikio, na usielekeze hewa hiyo kwenye ngozi ya mtu.

21. Nikiomba kusoma nje, kuna vizuizi?

Vipo. Uingereza humtaka Mtanzania anayeenda uzamili au uzamivu kwenye fani kama hizi apate kwanza kibali kiitwacho ATAS, kabla ya viza. Marekani ina sheria zinazozuia wageni kugusa baadhi ya miradi. Si chuki binafsi. Sababu iko swali la 23. Omba mapema, na eleza mada yako kwa maneno ya wazi.

22. Naweza kutengeneza roketi nyumbani?

Usichanganye kemikali nyumbani. Nimeona mkono wa mtu aliyejaribu. Roketi za maji, kwa chupa ya plastiki na pampu ya baiskeli, zitakufundisha msukumo, uzito na uthabiti bila kupoteza kidole. Ukitaka zaidi ya hapo, pitia chuo, TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) na polisi kwanza.

## Maswali ya pembeni

23. Hizi si silaha tu?

Fedha nyingi za skramjeti hutoka majeshini, nisikufiche. Ndiyo maana tangu 1987 mataifa kadhaa yana makubaliano ya kudhibiti uenezaji wa teknolojia ya makombora. Vifaa, hata hivyo, havina gwanda. Mitambo ya gesi ya Kinyerezi inayotupa umeme ni tabini, yenye mapanga ya nikeli yaliyopakwa kinga kama yale ya swali la 12. Anayejua kurefusha maisha ya panga hilo ana kazi Dar es Salaam kesho asubuhi.

24. Abiria wa kawaida watapanda lini ndege ya Mach 5?

Sioni ikitokea hivi karibuni. Hata kurudi Mach 1 ni kazi: ndege ya majaribio XB-1 ya kampuni ya Boom ilivuka mwendo wa sauti tarehe 28 Januari 2025, na ilikuwa ya mtu mmoja.

25. Ndege ya Mach 5 ingetoka Dodoma hadi Dar kwa dakika ngapi?

Mkato wa moja kwa moja ni kama kilomita 400. Kwa mita 1,475 kwa sekunde ni dakika nne na nusu. Vijana hupiga makofi hapo.

Sasa ongeza mwendo kwa namna ambayo bibi aliyekaa kiti cha nyuma ataivumilia, tuseme mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Utahitaji dakika 12 kufika Mach 5, na katika dakika hizo utakuwa umekwenda zaidi ya kilomita 540. Yaani Dar umeshaipita, uko juu ya Bahari ya Hindi, na bado hujaanza kupunguza. Ukitaka kugeuza kwa mkunjo ambao abiria atauhisi kama uzito wake mmoja wa ziada ubavuni, duara lako litakuwa na nusu kipenyo cha kilomita 222 hivi.

Panda SGR.